Mlimau Hausomi Kalenda

Mlimau hupandwa mwezi gani, na huvunwa mwezi gani? Swali linaonekana jepesi, kama yale ya mtihani wa darasa la saba: chagua jibu sahihi, a, b, c au d. Lakini chukua kitabu cha mkulima wa Italia, kitakwambia upande mwezi wa tatu au wa nne, baridi ikishaondoka. Mkulima wa Muheza, mkoani Tanga, atakwambia ngoja masika. Na mtu wa Misungwi, mkoani Mwanza, atakujibu kwa kifupi: mvua za kwanza zikishika, panda. Wote watatu wanasema kweli. Mti ni ule ule, ila mbingu zao si moja.

Nimechagua kuandika juu ya mlimau kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi wa mjini tunakutana na tunda lake mezani tu. Mama ntilie anakuwekea sato, pembeni kipande cha limau (au limao, kama tunavyosema wenyewe sokoni), tunakamua, tunatupa ganda, basi. Hatuulizi kwa nini kuna miezi malimau yanaozea kwenye tenga, na miezi mingine mama anakukatia kipande chembamba hata mwanga unapita. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Jibu la swali lile limebeba historia ya watu ndani yake: nani alikuwa na maji, nani alikuwa na ardhi, na nani aliachwa akae mahali pamoja mpaka mti uzae.

Tuanze mbali kidogo, halafu turudi Misungwi.

MTOTO WA DANZI

Mlimau haukuota wenyewe porini. Wataalamu wa siku hizi, wanaosoma nasaba ya mimea ndani ya chembe zake, wamegundua kwamba limau ni chotara wa chotara. Furungu na chenza walizaa danzi, lile chungwa kali. Danzi naye akachavushwa na tunda la kale lenye ganda nene sana, ambalo Waarabu waliliita utruji, na hapo ndipo limau likazaliwa. Ndimu nayo baba yake ni huyo huyo utruji, ila mama yake ni mwingine kabisa. Kwa hiyo wale wanaobishana kijiweni kama ndimu na limau ni kitu kimoja wapate jibu leo: ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Ukoo wote huu wa matunda chimbuko lake ni nchi zilizo chini ya milima ya Himalaya, kaskazini mashariki ya India, kaskazini ya Myanmar na kusini magharibi ya China. Kutoka huko ulisafiri kwa miguu na kwa majahazi. Waajemi waliita limu, Waarabu laimuni, na sisi tukasema limau. Neno lenyewe linakuonyesha njia tunda lilikopita.

Pwani yetu lilifika zamani sana. Mwaka 1331, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Mogadishu akakaribishwa wali, na pembeni ya wali akawekewa achari ya limau pamoja na pilipili, tangawizi na maembe. Alipofika Mombasa akaandika kwamba miti ya kisiwa kile ni migomba, milimau na miutruji. Kwa hiyo achari yetu imeshatimiza karibu miaka 700, na hapo tunahesabu tangu siku ilipoandikwa tu.

Halafu wakaja Wareno. Mwezi wa nne mwaka 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa zikiwa zimejaa wagonjwa wa kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba fizi na kung'oka meno unaompata mtu asiyekula matunda wala mboga mbichi kwa miezi mingi. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, miwa, na machungwa na malimau mengi. Mwandishi wao akaweka kwenye daftari kwamba wagonjwa wao walipona, akasifu hali ya hewa ya mji. Safari ya kurudi, Januari 1499, walipita Malindi wakiwa hoi tena, na safari hii wagonjwa wenyewe ndio walioomba waletewe machungwa. Mwili ulikuwa umeshaelewa jambo ambalo daftari lilikuwa bado halijaelewa.

Ilibidi ufike mwaka 1747 ndipo daktari mmoja wa meli ya Kiingereza, James Lind, awagawe mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, na kila jozi aipe dawa yake. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kwa siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini wale wawili ndio waliopata nafuu haraka kuliko wote. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza lilingoja mpaka 1795 kuagiza maji ya limau yagawiwe melini. Kuanzia kapu la mfalme wa Mombasa hadi amri ile ni miaka 297!

Lakini hebu tuangalie tarehe zile za Wareno kwa jicho la mkulima. Mwezi wa nne, matunda ya jamii ya limau yapo. Mwezi wa kwanza, yapo. Huko kwao Ureno wamezoea kuchuma majira ya baridi na kuingia majira ya machipuko. Huku mti unazaa kwa saa nyingine. Saa gani hiyo?

SAA YA BARIDI NA SAA YA KIU

Mlimau unapenda joto la wastani, nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi. Joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, unaacha kukua. Likishuka nyuzi mbili tatu chini ya sifuri, maua na matunda machanga yanaungua kwa barafu, na likizidi hapo mti wenyewe unakufa. Ndiyo maana watu wa Italia wanapanda mwezi wa tatu na wa nne. Hawaogopi jua wala hawangoji mvua. Wanangoja baridi iondoke. Baridi ndiyo inayoulaza mti, na joto likirudi unaamka na kuchanua. Matunda ya maua hayo huvunwa kuanzia kama mwezi wa kumi mpaka mwezi wa tatu.

Kule kaskazini kabisa, kando ya Ziwa Garda, watu walijenga nguzo za mawe na kuta, na kila majira ya baridi walifunika bustani nzima kwa mbao na vioo ili milimau isife. Fikiria mti mmoja kujengewa nyumba! Sisi mlimau wetu tunaufungia mbuzi.

Sasa njoo kwenye nchi za joto. Misungwi iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Hakuna barafu, wala mwezi wa kuulaza mti kwa baridi. Mlimau basi unajuaje kwamba wakati wa kuchanua umefika?

Unajua kwa kiu. Mvua zinapokatika na udongo ukakauka, mti unapunguza kukua, majani yanajikunja kidogo, na ndani kwa ndani unajiandaa kuzaa. Maji yakirudi, iwe mvua au ndoo ya mtu, baada ya wiki tatu au nne hivi unatoa maua. Kuanzia ua mpaka limau lililokomaa ni miezi saba hadi tisa. Hiyo ndiyo kanuni, na ukiijua huhitaji kalenda ya mtu. Hesabu kutoka siku kiu ilipokatwa.

Wakulima wa Sicilia waliijua siri hii ingawa wao wana baridi. Katika karne ya 19 malimau yao yalikuwa dhahabu, yakipakiwa melini kwenda London na New York. Mali ilikuwa nyingi kiasi kwamba mashamba yalizungushiwa kuta ndefu na kuwekewa walinzi wa kukodi, na wachunguzi wa historia ya uchumi wamehusisha biashara ile na kukua kwa magenge ya mafia kisiwani humo. Tatizo la Wasicilia lilikuwa kwamba kila mtu alivuna majira ya baridi, wakati watu wanataka limau la kinywaji majira ya joto. Wakafanyaje? Mwezi wa sita na wa saba waliuacha mti bila maji mpaka ukaanza kunyauka, halafu wakaumwagilia kwa nguvu. Mti ukashtuka, ukachanua mwezi wa nane na wa tisa, na matunda yake yakawa tayari kiangazi cha mwaka uliofuata, sokoni hakuna mengine. Malimau hayo wanayaita verdelli, kwa sababu hubaki kijani.

Omani nako, nchi yenye udugu wa karne nyingi na Waswahili, mvua ni chache mno. Huko ndimu ziliishi kwa maji ya mifereji ya kale iitwayo falaji, na kila mwenye shamba alipata maji kwa zamu iliyopimwa kwa muda. Kiu ya mti wako ilikatwa zamu yako ilipofika, sio mapenzi yako. Unaona? Ukiuliza limau huvunwa lini, mara nyingi unauliza nani ameshika maji.

MISUNGWI NA KALENDA YA PAMBA

Sasa tumefika nyumbani. Misungwi iko kusini ya jiji la Mwanza, kwenye barabara ya kwenda Shinyanga, ubavuni mwa ule mkono mrefu wa ziwa uitwao Ghuba ya Mwanza. Wilaya yenyewe ni changa. Ilikatwa kutoka Kwimba mwaka 1995. Ila ardhi yake imeshaona mengi. Mwaka 1858, mwishoni mwa mwezi wa saba, Mwingereza Speke alipita Usukuma akaona mkono huo wa ziwa, na Agosti 3 akaliona ziwa lenyewe akiwa juu ya kilima karibu na Mwanza. Alipita wakati wa kiangazi, majani makavu. Mwaka huo huo wa 1858, mbali kabisa huko Los Angeles, Marekani, zilipandwa mbegu za limau la Italia ambazo ndizo zilizozaa aina iitwayo Eureka, moja ya aina za malimau zinazouzwa sana duniani leo. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Lakini zote mbili, ile mbegu na ule msafara, zilikuwa sehemu ya karne iliyobadilisha nani anaamua nini kipandwe wapi.

Usukuma kilichoamuliwa ni pamba. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, ambacho kipo hapo hapo wilayani Misungwi, kilianza miaka ya 1930, na mbegu za pamba zilizotoka hapo zilibeba herufi UK, yaani Ukiriguru: UK77, UK82, UK91 na nyinginezo. Pamba ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na mabwana shamba, ilikuwa na sheria ndogo ndogo za lini upande na lini ung'oe mabua na kuyachoma. Mwaka 1947 wakoloni walianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, na amri zikaongezeka: matuta, mbolea, idadi ya ng'ombe. Watu walichoka nazo mpaka zikawa kuni za moto wa siasa ya uhuru. Mwaka 1955 wakulima wenyewe, wakiongozwa na Paul Bomani, walikuwa na shirikisho lao la ushirika, VFCU, lililokuwa kubwa na maarufu Afrika nzima.

Mlimau haukuwa na chochote katika hivyo. Ulikaa nyuma ya nyumba, karibu na bafu la makuti au mabua, ukinywa maji ya kuogea. Hapa sasa ndipo ilipo siri ya ule ubishi wa sokoni. Majirani wawili, kila mmoja ana mlimau, na kila mmoja anakwambia msimu tofauti. Wote ni wakweli. Mlimau ulio shambani unaishi kwa mvua, unapata kiu ya kweli kuanzia mwezi wa sita, na unachanua mvua zinaporudi. Mlimau ulio jirani na bafu haupati kiu kali, kwa hiyo unachanua kidogo kidogo mwaka mzima, na mama wa nyumba ile hakosi limau la kuungia mboga. Bafu limekuwa falaji.

Hebu tuandike kalenda ya Misungwi basi, kwa kanuni tuliyoiona. Mvua huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, hupungua Januari na Februari, hurudi kwa nguvu mwezi wa tatu na wa nne, na kukatika mwezi wa tano. Kwa mwaka ni kati ya milimita 700 na 1,000 hivi, na kuna miaka ya chini ya hapo. Mlimau wa shambani ukipata mvua ya Novemba, unachanua kuelekea Desemba, na unakomaa kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa. Ukipata kiu ya Januari na Februari kisha mvua ya Machi, unatoa maua mengine machache, na hayo yatakuwa limau kuelekea Novemba na Desemba. Ukitazama hesabu hiyo utaona pengo: miezi ya mwanzo wa mwaka mpaka masika. Huko ndiko kipande cha mama ntilie kinakokuwa chembamba. Kisiwa cha Ukerewe, kinachosifika kwa machungwa yanayovuka ziwa kuja Mwanza, kinapata mvua nyingi kuliko Misungwi, ndiyo maana miti ya jamii hii imekubali kule.

Na kupanda? Kwa Misungwi mvua za kwanza zina faida moja kubwa. Mche uliopandwa Novemba una miezi sita au saba ya kushika mizizi kabla ya kiangazi chake cha kwanza. Uliopandwa Machi una miwili au mitatu tu. Huko Muheza mambo ni mengine, kwa sababu masika yao ni mazito na kiangazi chao si kikali hivi, kwa hiyo anayengoja masika hajakosea. Ila anayepanda Novemba Misungwi ajue kuna mtego wa Januari na Februari. Mvua inakata, mche mchanga unakauka, mtu anasema mbegu mbaya. Sio mbegu. Ni debe moja la maji kwa wiki lililokosekana.

Wazee wa Usukuma waliujua udongo wao kwa majina kabla hata Ukiriguru haijajengwa. Mlimau usiupande kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaotuamisha maji, mizizi itaoza. Upande kwenye luseni, udongo wa kichanga wa juu kwenye mteremko, lakini luseni inapitisha maji haraka na haina shibe, kwa hiyo samadi ni lazima. Chimba shimo mwezi wa tisa au wa kumi, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganye na samadi iliyoiva, urudishe. Mvua ikishalowesha ardhi vizuri, si ile ya kwanza ya kudanganya, weka mche. Kama umebebeshwa, pale palipoungwa pabaki juu ya udongo. Funika kwa nyasi, lakini nyasi zisiguse shina. Kati ya mti na mti acha mita sita au saba.

Kuvuna nako kuna elimu yake. Rangi inadanganya. Ganda la limau linageuka manjano vizuri pale usiku unapokuwa wa baridi. Kwenye nchi za joto limau linaweza kujaa maji na bado likawa kijani. Anayengoja manjano kama ya picha atavuna limau lililozeeka. Angalia ukubwa, angalia ganda likishakuwa laini na kung'aa, kisha kata moja ulikamue. Likitoa maji mengi, chuma. Na ukichuma umechuma: limau haliivi tena likiwa ndani ya tenga kama embe au ndizi. Usichume na umande au mvua, maana mafuta ya ganda yatapasuka na kuliachia madoa ya kahawia. Kata na kikonyo kidogo; ukinyofoa unafungua mlango wa kuoza.

Na wale walio karibu na ziwa, wenye pampu au hata mikono yenye ndoo, wanaweza kufanya alichofanya Msicilia. Mti ulioshakomaa, wa miaka minne mitano kwenda juu, uache upate kiu mwezi wa sita na wa saba. Majani yakianza kujikunja, na kabla hayajadondoka, mwagilia katikati ya mwezi wa nane na usiache tena mpaka mvua zije. Ukiacha, maua yatapukutika yote. Ua la Septemba ni limau la kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita, wakati mengine bado machanga. Huo ni mshiko, vijana wenzangu, na soko limesogea. Miaka mingi magari yalipanga foleni ya kivuko pale Kigongo kuvuka kwenda Busisi, wachuuzi wakapata riziki kwenye foleni hiyo. Tangu Juni 19, 2025 daraja la kilomita 3 limefunguliwa, na tenga la Misungwi linaweza kufika Sengerema au Geita bila kungoja kivuko.

NANI ANA MUDA WA KUSUBIRI

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: kumbe ni jambo la maji na hesabu tu. Hapana. Kuna tarehe moja ambayo hakuna bwana shamba anayeiweka kwenye jedwali lake, nayo ni ya tangu kupanda mpaka limau la kwanza. Mche uliobebeshwa unaanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Mlimau wa mbegu, ambao ndio uliokuwa wa kawaida nyuma ya nyumba zetu, ni miaka mitano au zaidi. Pamba inakulipa msimu mmoja. Mlimau unakuuliza: mwaka wa tano utakuwepo hapa?

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Operesheni ilifika mkoa wa Mwanza mwaka 1974. Wasukuma walizoea kukaa kaya mbali na kaya, kila mji na uzio wake wa minyaa, ng'ombe wake na miti yake. Katika miezi michache familia nyingi zilihamishwa, nyingine kwa hiari, nyingine nyumba zikibomolewa nyuma yao. Nia ilikuwa kusogeza shule, maji na zahanati, na vijiji vingi vilivipata. Lakini mti haupandi lori. Kilichobaki nyuma kikawa matongo, mahame ya zamani, na alama ya kuonyesha kwamba hapa palikuwa na mji wa mtu ni uzio wa minyaa ulioota vichaka na mti wa matunda uliosimama peke yake.

Sasa fanya hesabu. Mlimau wa mbegu uliopandwa mvua za 1969 ungeanza kuzaa karibu 1974. Aliyemwagilia Januari tano mfululizo aliondoka mwaka ule ule wa limau la kwanza. Nani alilichuma? Mchunga ng'ombe, mpita njia, ngedere. Baada ya hapo ukimwambia mtu yule yule, kwenye kiwanja kipya alichopimiwa, apande mti wa kuzaa baada ya miaka mitano, kimya chake ni jibu.

Tusidhani hayo yameisha na Operesheni. Leo kijana anayekodi eka mbili Misungwi kwa msimu anaruhusiwa mahindi, mpunga, dengu, pamba. Mti haruhusiwi, kwa kawaida, na sababu haifichwi: kupanda mti katika ardhi ya mtu ni kama kujiandikia hati. Mwenye shamba anaogopa kesho utadai. Binti naye aliambiwa tangu zamani kwamba yeye ni wa kuondoka, atapanda mti wa nini kwa baba yake? Na akiolewa, mti ataoupanda kwa mume unahesabiwa wa ukoo wa mume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Sheria ipo miaka mingi sasa. Lakini kati ya karatasi na shimo la sentimita 60 kuna baraza la ukoo katikati.

Ndiyo maana nasema jibu la ule mtihani si a wala b. Mlimau unapandwa mvua zikishika, pale ambapo mtu ana hakika ya kubaki. Unavunwa miezi saba hadi tisa baada ya ua, na yule aliyebaki.

Wenzangu mnaotaka kuandika, mnaolalamika kwamba hamna habari, na nyinyi wapangaji wa chumba kimoja Mabatini na Igoma mnaokwenda nyumbani Krismasi tu: safari ijayo kuna kazi. Tafuta mti wowote wa matunda uliozeeka kwenye mji wa kwenu au kwenye tongo la jirani. Kaa na bibi au babu, umpe heshima yake, umuulize maswali manne. Huu ulipandwa mvua za mwaka gani? Mwaka wa Operesheni ulibaki upande gani? Ulianza kuzaa lini? Na la mwisho, ambalo ndilo lenye hadithi: nani aliupanda, na nani aliyekula matunda yake? Andika majibu kama yalivyotamkwa, kwa Kisukuma kama ni Kisukuma, usiyapambe. Na kama unaruhusiwa kuchimba shimo mahali, Krismasi ardhi huwa imeshalowa. Nenda na mche.